Kuzisoma sifa za klorofeniramini: kutoka unga mweupe hadi usingizi

Kidonge cha klorofeniramini, ambacho wengi hukiita Piriton hata kikiwa kimetoka kiwanda kingine, hubeba miligramu 4 tu za dawa yenyewe. Kilichobaki ni laktosi, wanga na viambato vingine vya kukifanya kidonge kishikamane na kishikike kwa vidole. Gramu moja ya dawa hii hutoa vidonge 250. Hata hivyo chembe hizo chache zikimezwa, pua iliyokuwa ikichuruzika hukauka, ngozi iliyokuwa ikiwasha hutulia, na muda si mrefu kope huwa nzito.

Mwanafunzi wa famasia hukabidhiwa karatasi ya sifa za dawa hii: fomula, uzito wa molekuli, kiwango cha kuyeyuka, umumunyifu, pKa, logi P. Huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huiacha. Mimi naiona karatasi hiyo kwa jicho tofauti. Kila tarakimu iliyomo ni jibu la swali ambalo mgonjwa huuliza kwa maneno yake mwenyewe: kwa nini inalaza, kwa nini mdomo unakauka, kwa nini sirapu haitikiswi, kwa nini asubuhi kichwa bado kizito. Ukijua kuisoma, huhitaji kukariri orodha ya madhara, maana utayaona yakitoka moja baada ya jingine kwenye molekuli yenyewe. Andaa kalamu, karatasi, na kikokotoo chenye kitufe cha logi.

Hatua ya 1: Ichore molekuli kwa mkono wako

Usianze na fomula. Anza na mchoro. Weka atomu moja ya kaboni katikati. Kwenye kaboni hiyo ning'iniza vitu vinne: haidrojeni moja, pete ya benzini yenye klorini kwenye ncha iliyo mkabala na mahali inapoungana, pete ya piridini, ambayo ni kama benzini ila kaboni moja imepisha naitrojeni, na mkia wa kaboni mbili unaoishia kwenye naitrojeni yenye vikundi viwili vya methili.

Sasa hesabu. Pete ya benzini na klorini yake: kaboni 6, haidrojeni 4, klorini 1. Piridini: kaboni 5, haidrojeni 4, naitrojeni 1. Kaboni ya katikati na haidrojeni yake. Mkia: kaboni 2, haidrojeni 4. Ncha: naitrojeni 1, kaboni 2, haidrojeni 6. Jumla unapata C16H19ClN2. Ukiipata fomula kwa njia hii huwezi kuisahau.

Pembeni ya mchoro huo chora histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho na pua kuchuruzika, ambayo dawa hii huizuia: pete ndogo yenye naitrojeni mbili, halafu mkia wa kaboni mbili, halafu naitrojeni. Tazama mikia. Inafanana. Histamini huingia kwenye kipokezi kiitwacho H1, protini ya seli inayopokea ujumbe wake, kwa kutanguliza naitrojeni ya mkia wake, ambayo imebeba chaji chanya, ikashikwa na asidi amino ya aspati iliyo nambari 107 kwenye mnyororo wa kipokezi hicho. Klorofeniramini nayo hutanguliza naitrojeni ileile mahali palepale. Tofauti iko nyuma: histamini ina pete moja nyepesi, ilhali dawa hii ina pete mbili nene ambazo hujaza shimo la kipokezi na kukikaza katika hali ya kuzimwa. Mwaka 2011 umbo la kipokezi cha H1 lilichapishwa likiwa na doksepini, dawa nyingine inayokizima, ndani yake, na picha hiyo ilionyesha wazi pete za dawa zikiwa zimezama kwenye shimo lenye kuta zinazopenda mafuta.

Klorini nayo ina kazi yake. Iondoe, unabaki na feniramini, dawa iliyotangulia. Iweke, nguvu hupanda zaidi ya mara 10. Ibadilishe kwa bromini, unapata bromofeniramini. Ndiyo maana kipimo cha kawaida ni miligramu 4 tu.

Hatua ya 2: Tenganisha besi na chumvi yake

Hapa ndipo makosa ya mizani huanzia, kwa hiyo nenda taratibu.

Kile ulichochora ni besi, yaani molekuli inayoweza kupokea protoni (haidrojeni yenye chaji chanya). Jumlisha uzito wa atomu: kaboni 16 × 12.011 ni 192.18; haidrojeni 19 × 1.008 ni 19.15, klorini 35.45, naitrojeni 2 × 14.007 ni 28.01. Jibu ni 274.79. Lakini besi hiyo si unga. Ni kimiminika kizito kama mafuta, ambacho huchemka nyuzi joto 142 pale tu mgandamizo unaposhushwa hadi milimita 1 ya zebaki. Huwezi kushindilia kidonge kutokana na mafuta.

Kiwandani besi huunganishwa na asidi ya maleiki, C4H4O4, yenye uzito wa 116.07. Asidi hiyo hutoa protoni moja, naitrojeni ya mkiani huipokea, na pande mbili hushikana kwa chaji zake. Kinachozaliwa ni chumvi: klorofeniramini maleati, C20H23ClN2O4, uzito 390.86. Hii ndiyo iliyo kwenye kidonge, kwenye sirapu na kwenye sindano.

Gawanya 274.79 kwa 390.86: unapata 0.703. Maana yake miligramu 4 zilizoandikwa kwenye pakiti zina miligramu 2.8 za besi, na zilizosalia ni asidi ya maleiki ambayo haitibu chochote. Kipimo cha dawa hii hutajwa kwa uzito wa chumvi. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuandaa mmumunyo nikidhani kipimo ni cha besi, nikazidisha kwa 1.42 ili "kufidia" maleati. Mmumunyo ukawa na nguvu zaidi kwa asilimia 42. Haukumfikia mgonjwa kwa sababu upimaji uliunasa, lakini tangu siku ile kila nikishika lebo ya dawa yoyote huangalia kwanza: uzito huu ni wa besi au wa chumvi? Fanya hivyo nawe, kwa sababu dawa hazifuati desturi moja. Ziko ambazo kipimo chake hutajwa kwa besi.

Hatua ya 3: Utazame unga wenyewe

Klorofeniramini maleati ni unga mweupe wa fuwele, hauna harufu, na ni mchungu. Uchungu huo ndio unaofanya sirapu iwekwe sukari nyingi au kitamu kingine.

Kiwango chake cha kuyeyuka ni nyuzi joto 130 hadi 135. Naomba tuelewane kuhusu neno hilo, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku tunasema sukari "imeyeyuka" kwenye chai. Katika karatasi ya sifa, kuyeyuka ni kigumu kugeuka kimiminika kwa joto tu, bila maji. Sukari kwenye chai imemumunyika. Ukichanganya haya mawili, karatasi nzima itakupotosha.

Kiwango cha kuyeyuka kinatumika kupima usafi. Fuwele safi huyeyuka ndani ya nyuzi chache tu. Zikiwa na uchafu, huanza kulegea mapema na kuendelea kuyeyuka kwa muda mrefu. Kwa hiyo unga unaoanza kulainika nyuzi 120 na kumaliza 132 una jambo la kueleza, hata kama kwa macho ni mweupe pe.

Kuna jambo la pili lililofichwa hapa. Rudi kwenye mchoro: kaboni ya katikati imeshika vitu vinne tofauti. Kaboni ya aina hiyo inaweza kupangwa kwa namna mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na dawa ya kawaida ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Ndiyo maana mmumunyo wake hauzungushi mwanga uliochujwa kwa mwelekeo mmoja. Pande mbili hufutana. Kipokezi cha H1, kama glovu, hukubali mkono mmoja vizuri kuliko mwingine, na anayefanya karibu kazi yote ni umbo linaloitwa S. Umbo hilo likitengwa peke yake huitwa deksiklorofeniramini, na miligramu 2 zake hutumika mahali pa miligramu 4 za mchanganyiko. Maleati yake huyeyuka nyuzi joto 110 hadi 115. Atomu zilezile, uzito uleule, ila fuwele zimepangika tofauti, na kipimajoto kinaliona hilo.

Hatua ya 4: Isome safu ya umumunyifu ukiwa na chupa ya sirapu mkononi

Gramu 1 ya maleati humumunyika katika mililita 4 hivi za maji, mililita 10 za alkoholi, na mililita 10 za klorofomu. Katika etha na benzini humumunyika kidogo tu. Mmumunyo wa asilimia 1 katika maji huwa na pH ya 4 hadi 5, yaani una uasidi kidogo, kwa sababu ya maleati.

Sirapu ya kawaida ina miligramu 2 katika kila mililita 5, yaani miligramu 0.4 kwa mililita. Uwezo wa maji ni gramu 1 kwa mililita 4, yaani miligramu 250 kwa mililita. Gawanya: maji yana nafasi mara 625 ya ile inayotumika. Dawa yote imo ndani ya maji, hakuna chembe inayoelea wala kutuama. Kwa hiyo kijiko cha kwanza na kijiko cha mwisho vina kipimo kilekile hata usipotikisa. Linganisha na zile dawa za maji zenye unga unaotuama chini, ambazo usipozitikisa kijiko cha mwisho huwa kizito kuliko vyote.

Na ukiona sirapu ya klorofeniramini imetuamisha kitu? Inaweza kuwa sukari iliyojitenga shingoni mwa chupa, lakini inaweza pia kuwa chupa iliyoharibika au iliyoingiwa na vijidudu. Kwa umumunyifu wa kiwango hiki, mashapo si jambo la kutarajiwa. Irudishe kwa mfamasia.

Hatua ya 5: pKa, moyo wa karatasi nzima

Kama una muda wa kuelewa mstari mmoja tu, uelewe huu. Klorofeniramini ina naitrojeni mbili, na kila moja ina pKa yake. Ya mkiani ni 9.2 hivi. Ya kwenye piridini ni 4.0 hivi. pKa ni ile pH ambayo nusu ya molekuli zimepokea protoni na nusu bado. pH ikishuka chini ya hapo, uwiano wa zilizopokea kwa ambazo bado huongezeka mara 10 kwa kila hatua moja ya pH.

Molekuli iliyopokea protoni ina chaji. Hupenda maji na hukwama mbele ya utando wa seli wenye mafuta. Isiyo na chaji hupenya. Kwa hiyo swali la kila mahali mwilini ni moja: hapa, katika pH hii, ni molekuli ngapi zisizo na chaji?

Hesabu yake ni hii: toa pH kwenye pKa, weka jibu kama kipeo cha 10, hapo unapata zenye chaji ni ngapi kwa kila moja isiyo nayo.

Tumboni, tuseme pH ni 1.5. Tofauti ni 7.7, na 10 kwa kipeo hicho ni takriban milioni 50. Molekuli moja tu kati ya milioni 50 haina chaji. Dawa imemumunyika vizuri kabisa lakini haiendi popote. Kwenye utumbo mwembamba, pH 6.5, tofauti ni 2.7, nayo ni 500 hivi kwa moja. Hapo mlango umefunguka. Usione 1 kwa 500 ni haba: inapopenya ile moja, mizani huvurugika na nyingine huachia protoni yake mara moja kuziba pengo, na eneo la utumbo ni kubwa mno. Kwenye damu, pH 7.4, tofauti ni 1.8, sawa na 63 kwa moja, yaani asilimia 1.6 hivi ya dawa haina chaji muda wowote ule. Shika hiyo 1.6, tutaihitaji kwenye hatua inayofuata.

Kwenye mkojo mambo hugeuka. Mkojo wenye pH 5 huacha molekuli moja tu isiyo na chaji kwa kila 15,800, kwa hiyo dawa iliyochujwa na figo hunaswa mle na kutoka nje. Mkojo wenye pH 8 huacha moja kwa 16, na hizo huweza kupenya kurudi kwenye damu.

Nimewahi kuliona jambo hili kwa macho na sijalisahau. Tulichukua miligramu 100 za maleati tukazimwagia mililita 2 za maji kwenye neli ya maabara. Zikapotea zote, maji yakabaki angavu. Tukadondosha amonia, ambayo ni alkali, tone la kwanza, la pili, la tatu. Ghafla neli ikafunga ukungu kama maji yaliyotiwa tui. Tulipoiacha wima, ukungu ulikusanyika kuwa vitone vya mafuta vilivyoganda kwenye ukuta wa kioo. Ile ndiyo besi, imenyang'anywa protoni yake, imerudi kuwa mafuta na haiwezi tena kukaa ndani ya maji. Tukadondosha asidi ya hidrokloriki. Vitone vikatoweka, maji yakawa angavu tena. Kila ninapofundisha pKa huanza na neli ile, kwa sababu baada ya hapo hesabu huacha kuwa hesabu tu.

Hatua ya 6: Kutoka logi P hadi kope nzito

Chukua mafuta ya oktanoli na maji, uviweke kwenye chupa moja pamoja na besi isiyo na chaji, utikise, uache vitengane. Kisha pima dawa iko kiasi gani kila upande. Kwa klorofeniramini logi P ni 3.4 hivi, maana yake upande wa mafuta una dawa mara 2,400 au 2,500 ya upande wa maji. Ni molekuli inayopenda mafuta sana. Zile pete mbili na ile klorini ndizo zinazofanya hivyo.

Lakini damu ina pH 7.4 na tumeona ni asilimia 1.6 tu isiyo na chaji. Toa 1.8, ile tofauti ya pKa na pH ya damu, kwenye 3.4: unapata 1.6 (imefanana na ile asilimia kwa bahati tu), na 10 kwa kipeo hicho ni 40. Kwa hiyo hata ukihesabu chaji zote, mafuta bado yanayashinda maji mara 40. Kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo kimejengwa kwa seli zilizobanana bila mwanya, na anayetaka kupita bila kibali maalumu hupita kwenye mafuta ya kuta zake. Molekuli ndogo ya 275, yenye kupenda mafuta kiasi hiki, hupita.

Ikishafika upande wa pili hukutana na histamini nyingine kabisa, isiyohusu mafua wala muwasho. Ndani ya haipothalamasi kuna kundi dogo la neva ambazo hutoa histamini ili kuuweka ubongo macho. Vipokezi vyake ni H1 vilevile. Dawa haiwezi kutofautisha H1 ya pua na H1 ya ubongo. Inazima vyote. Usingizi wa klorofeniramini ni kazi ileile ya dawa, imefanyika mahali ambapo hatukuiomba ifanyike.

Ukitaka uthibitisho, tazama wanakemia walichofanya baadaye. Haidroksizini ni antihistamini nyingine yenye kulaza. Mwilini, ncha yake ya alkoholi hugeuzwa kuwa asidi ya kaboksili, na zao hilo ndilo setirizini. Sasa molekuli ina chaji hasi upande mmoja na chanya upande mwingine katika pH ya damu. Muda wote imebeba kitu kinachopenda maji. Isitoshe, seli za kizuizi cha ubongo zina pampu iitwayo P-glaikoprotini ambayo hurudisha setirizini na feksofenadini, antihistamini nyingine isiyolaza, kwenye damu kila zinapojaribu kuingia. Klorofeniramini haikumbani na pampu hiyo kwa kiasi cha maana. Kikundi kimoja cha atomu kilichoongezwa kinaweza kutenganisha dawa ya kulalia na dawa ya kwenda nayo kazini.

Ukavu wa mdomo, kuona ukungu na mkojo kugoma hutoka kwenye umbo lilelile. Pete mbili na naitrojeni yenye chaji hutosha pia kwenye vipokezi vya asetilikolini, kemikali ya neva inayoongoza mate, macho na kibofu, na kuvizima. Ndiyo maana wazee wenye tezi dume iliyovimba na watu wenye glakoma ya pembe iliyobana, ugonjwa wa macho, huambiwa waulize kwanza kabla ya kumeza.

Hatua ya 7: Kuitambua na kuipima

Hatua hii ni ya maabara, na nitaipita haraka.

Kutambua maleati ni rahisi. Asidi ya maleiki ina kiungo maradufu kati ya kaboni mbili, na pamanganeti ya potasiamu hukishambulia. Rangi ya zambarau hupotea. Hilo linakuambia maleati ipo, halikuambii kwamba klorofeniramini ipo, kwani dawa nyingine nyingi nazo ni maleati.

Kupima kiasi kwenye vidonge, tumia mwanga wa urujuanimno. Katika asidi, dawa hufyonza zaidi kwenye nanomita 265 hivi, na mmumunyo wa asilimia 1 katika kijisanduku cha sentimita 1 huhesabiwa kuwa na ufyonzaji wa 212. Ukitoa dawa ya kidonge kimoja cha miligramu 4 na kuifikisha mililita 200 za asidi, una asilimia 0.002. Zidisha kwa 212: kipimo kinapaswa kusoma 0.424. Kikisoma 0.30, kidonge kina miligramu 2.8 tu, na kundi zima la vidonge hivyo linastahili kuchunguzwa.

Kupima unga mbichi, hutumika asidi ya asetiki isiyo na maji na mmumunyo wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) wa asidi ya pakloriki. Kila mililita 1 ya pakloriki hulingana na miligramu 19.54 za maleati. Namba hii imetoka wapi? Gawanya 390.86 kwa 2, kisha zidisha kwa 0.1 ya mmumunyo. Ni mbili kwa sababu kuna nafasi mbili za kupokea protoni: moja kwenye piridini, na nyingine kwenye maleati, kwani protoni ya kwanza naitrojeni ya mkiani ilikwisha kuichukua tangu chumvi inatengenezwa.

Hatua ya 8: Hifadhi na mchanganyiko

Kutokana na yaliyotangulia, masharti ya kuhifadhi yanajieleza. Chombo kifungwe vizuri, kikingwe na mwanga. Ndiyo sababu ya chupa ya kahawia na pakiti isiyopenya mwanga. Fuata kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye pakiti yako. Kabati la bafuni ni mahali pabaya, kwa kuwa mvuke hulainisha vidonge hata kama dawa yenyewe haijaharibika.

Kwa wanaochanganya sindano, kumbuka ile neli ya amonia. Mmumunyo wa dawa hii umetulia ukiwa na pH ya 4 hadi 5. Uuunganishe na kitu chenye ualkali, kwa mfano pentobarbitali sodiamu, dawa ya kulaza ya kundi la barbiturati, na una hatari ya kuona ukungu uleule ndani ya bomba la sindano. Hapo kuna hatari mbili kwa pamoja: besi ya klorofeniramini inajitenga kwa kukosa protoni, na barbiturati inajitenga kwa kupokea protoni. Ukiona ukungu, tupa. Usipashe moto, usitikise ukitumaini utaondoka.

Hatua ya 9: Zipeleke tarakimu mwilini

Sifa tatu za mwisho hazimo kwenye unga bali kwenye mtu aliyeumeza, ila zinatokana na unga huo.

Ya kwanza, kati ya asilimia 25 na 50 tu ya dawa iliyomezwa hufika kwenye mzunguko wa damu, kwa kuwa ini huikamata mapema. Molekuli inayopenda mafuta ni windo rahisi la vimeng'enya vya ini, hasa kile kiitwacho CYP2D6. Ya pili, ujazo wa mtawanyiko ni lita 3 hivi kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ana lita 180, wakati maji yote ya mwili wake hayazidi lita 40. Mtu hana lita 180 ndani yake. Namba hiyo inasema tu kwamba dawa imeiacha damu na kujificha kwenye tishu. Ndiyo maana mashine ya kusafisha damu haisaidii sana mtu aliyezidisha kipimo.

Ya tatu ni nusu-maisha, muda wa dawa kupungua kwa nusu: kwa mtu mzima ni saa 20 hivi, ingawa watu hutofautiana sana, na kwa watoto ni mfupi zaidi. Fanya hesabu ya mtu aliyemeza kidonge saa nne usiku ili muwasho umwache alale. Anaamka saa kumi na mbili asubuhi, saa 8 baadaye. Zigawe kwa 20, upate 0.4, kisha inua 0.5 kwa kipeo hicho: 0.76. Robo tatu ya dawa iliyofika kwenye damu bado imo mwilini anapowasha gari.

Sasa mfanye ameze kila usiku. Baada ya saa 24 hubaki asilimia 43.5. Kama usiku wa kwanza tunauita 100, usiku wa pili anakuwa na 143.5, wa tatu 162, wa nne 171, kisha inatulia kwenye 177 hivi. Kidonge ni kilekile, lakini mwili umebeba karibu mara moja na robo tatu ya ulichobeba siku ya kwanza. Kwa mzee, ambaye huiondoa dawa polepole zaidi, mrundikano huo huwa mkubwa kuliko huu.

Kwa hiyo unapompa mtu dawa hii, muulize kesho yake ataamka kufanya nini. Kama anaendesha gari, anapanda ngazi ndefu au anasimamia mashine, mwambie ile 0.76 kwa lugha yake: dawa ya usiku huu bado itakuwa naye mchana wa kesho. Kama ni mnywaji, mwambie kilevi kinauzima ubongo kwa njia nyingine, na viwili hivyo hujumlishana. Na kama anaihitaji kila siku kwa wiki kadhaa, ongea naye kuhusu zile molekuli ambazo pampu ya ubongo huzirudisha nje.